Maneno ya Karakana: Historia Fupi ya Istilahi za Samani za Mbao

Wafasiri na walimu wa stadi za kazi hutuletea swali moja mara kwa mara. Mtu ambaye hajapata kushika msumeno, naye ataka kujitengenezea nyumbani kigoda, benchi au rafu ya vitabu, aandikiwe kwa maneno gani? Swali hili huja pamoja na lalamiko kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na ya siasa, lakini kikiingia karakana hupungukiwa. Makala haya yanakusudia kulichunguza lalamiko hilo kwa njia ya historia. Tumeona kuwa upungufu upo, ila haupo pale unapodhaniwa. Asiyejua ulipo hutumia nguvu zake kubuni majina ya vitu vilivyokwisha kupewa majina, na huacha bila jina vile vinavyomkosesha mwanafunzi.

Tuanze na kitanda, kwa kuwa ndicho chombo cha mbao kilichoelezwa kwa ukamilifu kuliko vyote katika vitabu vya zamani vya lugha yetu. Edward Steere, kasisi wa misheni ya Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kujifunzia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Ndani yake kuna orodha ndefu ya maneno, na alipofika kwenye kitanda hakuridhika na jina moja. Aliandika kwamba miguu yake huitwa matendegu, miti ya ubavuni ni mifumbati, miti ya kichwani na miguuni ni vitakizo, upande wa kulalia kichwa ni mchago, na nafasi iliyo chini ni uvungu. Hayo ni majina matano ya sehemu za chombo kimoja, na hakuna hata moja lililobuniwa mezani. Yalikuwa vinywani mwa watu waliokuwa wakichonga vitanda hivyo, wakivichoma tundu na kuviwamba kwa kamba.

Msomaji aangalie jinsi majina hayo yalivyogawanya kazi. Tendegu si mfumbati, na mfumbati si kitakizo, ingawa vyote vitatu ni vipande vya mti, tena pengine vya mti mmoja. Kinachovitenga ni kazi: tendegu husimama na kubeba, mfumbati hulala kwa urefu, kitakizo hulala kwa upana na kuishika mifumbati isiachane. Fundi akimwambia mwanagenzi wake, «niletee mfumbati», mwanagenzi hana haja ya kuuliza urefu wala mahali unapokwenda. Hiyo ndiyo istilahi kwa maana yake kamili. Neno moja lataja kitu kimoja, na mtu akilijua amekwisha kujua nusu ya kazi.

Leo wachache katika wasomaji wetu wangetambua kitakizo bila kufungua kamusi. Sababu si uzembe wa wasemaji. Kitanda chenyewe kilibadilika: kamba zikatoka, godoro nene likaingia, na chini ya godoro zikahitajika mbao za kulibeba. Mafundi wa Tanzania waliziita mbao hizo chaga. Neno hilo lilikuwapo tangu zamani likitaja jukwaa la miti ya kuwekea nafaka au vitu vingine, na sasa likahamia chumbani. Leo mnunuzi wa kitanda Kariakoo huuliza kama chaga zimo katika bei, na hakuna asiyemwelewa. Neno hilo halikupitishwa na kikao chochote. Walioliteua walitazama umbo, wakakumbuka umbo jingine linalofanana nalo, wakamaliza kazi. Sisi tunaolipwa kwa kazi ya namna hiyo tungefanya vyema kuona jinsi walivyofanya haraka.

Tukitoka kitandani tukaingia katika sanduku la zana, tunakuta historia ya bahari yote ya magharibi ya Hindi imelala humo. Nyundo ni yetu ya asili: Wanyarwanda na Warundi husema «inyundo», Waganda «ennyondo», na undugu hauhitaji mtaalamu kuuthibitisha. Msumari ulitoka kwa Waarabu. Randa ilitoka Uajemi na kupita Bara Hindi, ambako maseremala hulitumia neno hilohilo. Parafujo ni la Wareno. Gundi lina ndugu yake katika Kihindi. Kwa hiyo fundi wa Mombasa au Unguja akiunga mbao mbili kwa nyundo, msumari, parafujo na gundi, amekwisha kutamka maneno ya mataifa manne kabla hajala chakula cha mchana. Wala hakuna anayemwambia kwamba hasemi Kiswahili.

Lakini kuazima neno ni mwanzo tu. Linalopendeza zaidi ni yale ambayo Kiswahili kililifanyia neno baada ya kulipokea. Chukua randa. Jina la zana lilizaa usemi wa kitendo, kupiga randa, na likazaa pia maranda, yaani yale magamba mepesi ya mbao yanayotoka mdomoni mwa zana hiyo, ambayo wafugaji huyanunua na kuyatandaza katika mabanda ya kuku. Mwajemi hakutupa neno la takataka hizo. Tulilipata kwa kulitia neno lake katika ngeli yetu, nalo likafanya kazi kama mwenyeji. Mfasiri anayeandika «chombo cha kulainishia uso wa mbao» pale panapotakiwa randa, nasi tumepata kuyaona maandishi ya namna hiyo, humpokonya msomaji ukoo mzima wa maneno na kumwachia maelezo marefu yasiyozaa kitu.

Msasa una historia ya namna nyingine. Ni mti, jamii ya mkuyu, wenye majani makavu yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na maseremala waliyatumia majani hayo kusugulia mbao kabla karatasi ya mchanga haijafika nchini. Karatasi ilipofika ilipewa jina la mti, kwa kuwa ilifanya kazi ya jani. Baadaye neno likatoka karakana kabisa, na leo magazeti huandika kwamba walimu au viongozi fulani wamepigwa msasa, yaani wamefundishwa zaidi wakawa laini katika kazi yao. Wengi wanaoandika hivyo hawajauona mti wenyewe.

Zana moja yataka tuikalie kidogo, nayo ni keekee. Steere aliieleza kama alivyokieleza kitanda. Chuma kinachotoboa ni kekee yenyewe, mti ambamo chuma kimekazwa ni msukano, kishikio ambamo msukano huzunguka ni jivu, na kinachouzungusha kwa kwenda na kurudi ni uta. Huu ni mtambo wenye sehemu nne na kila sehemu ina jina. Keekee za uta zimekwisha kuonekana kwa nadra, na nafasi yake imechukuliwa na drili ya umeme. Hata hivyo, drili nayo ina chuma kinachotoboa na ina kitu kinachokishika chuma hicho kikazunguke. Kila tunapopokea orodha ya sehemu za drili iliyofasiriwa, tunaona sehemu hizo zimeachwa katika Kiingereza au zimepewa maelezo ya mstari mzima, na msukano umelala kamusini hauna kazi. Hatusemi kwamba lazima ufufuliwe. Tunasema kwamba mfasiri anapaswa kwanza kujua kuwa upo.

Sasa tuje kwenye samani zenyewe. Neno samani ni la Uajemi lililotufikia kwa njia ya Wahindi, na katika kamusi za zamani maana yake ilikuwa pana: vyombo na zana kwa jumla, pamoja na vifaa vya nyumbani. Maana ya leo imebana zaidi. Mabango ya barabarani huandika fanicha, barua za serikali huandika samani, na kila upande hudhani mwenzake ameharibu lugha. Kwa kuwa maneno yote mawili yalikuja kwa chombo, moja kwa jahazi na jingine kwa meli, ugomvi huo hauna faida. Tunapendekeza samani katika maandishi rasmi kwa sababu moja tu, kwamba imekwisha kuzoeleka humo.

Meza, kasha na bweta ni maneno ya Wareno, waliokaa katika pwani hii tangu mwisho wa karne ya 15 hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotwaliwa na Waomani mwaka 1698. Almari nalo asili yake ni Kireno, ila lilizunguka kwanza Bara Hindi. Sanduku na rafu ni ya Waarabu. Kabati lilikuja na Waingereza, likaisukuma almari pembeni. Kiti ni cha Kibantu, nacho ni ndugu wa mti, jambo ambalo hata sikio laweza kulisikia. Wenye nguvu wa pwani walikuwa na kiti chao, kiti cha enzi, kilichotengenezwa kwa mpingo na kupambwa kwa pembe za ndovu, nacho huonekana hadi leo katika majumba ya makumbusho. Aliyekuwa hana enzi aliketi juu ya kigoda.

Kigoda hiki kimepanda cheo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, na hapo neno la kibao kifupi cha jikoni likachukua nafasi ambayo Kiingereza hukipa kiti cha profesa. Uteuzi huo twauona kuwa bora. Kiti kilikwisha kutumika katika mwenyekiti, na kukitumia tena kungechanganya, ilhali kigoda kilikuwa na heshima ya kale na kilikuwa huru.

Dawati nalo lilisafiri. Katika Kiarabu neno hilo lilitaja kidau cha wino. Huku kwetu likawa kisanduku cha kuwekea wino, kalamu na karatasi, kisha meza ya kuandikia, na mwisho likawa benchi la shuleni lenye meza yake, ambalo wanafunzi wawili au watatu huketi pamoja. Mwaka 2016, palipofanywa kampeni kubwa ya madawati katika shule za Tanzania, hakuna aliyekumbuka wino. Neno lilihama hatua kwa hatua, na katika kila hatua lilishika kitu kilichokuwa jirani. Ndivyo maneno yanavyohama yanapoachwa yahame yenyewe.

Hali haikuwa hivyo kwa kisanduku kile kinachovutwa kutoka katika meza. Hapa tuna majina matatu. Mtoto wa meza ni jina la zamani lenye picha nzuri: meza mama, na ndani yake mtoto anayetoka na kurudi. Saraka ni la vitabuni. Droo ni la Kiingereza, nalo ndilo fundi wa leo atakalokujibu ukimwuliza. Waandaaji wa istilahi za kompyuta walipotafuta neno la mahali pa kupangia mafaili waliichukua saraka, na tangu hapo mwanafunzi aliyezoea kompyuta akiisoma saraka katika kijitabu cha useremala hufikiri amekosea kitabu. Kwa maoni yetu suala hili limekwisha kuamuliwa na matumizi: tuandike droo, na mahali pa kwanza tutaje mtoto wa meza ili neno lisipotee.

Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake, usanifishaji ulishughulikia kwanza tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilihifadhi maneno mengi ya ufundi yaliyokusanywa kabla yake, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikayapa maelezo ya Kiswahili kwa Kiswahili. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967. Mwaka huohuo siasa ya Elimu ya Kujitegemea iliagiza kwamba kazi za mikono ziwe sehemu ya masomo, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Shule za sekondari, pamoja na zile za ufundi, zilibaki na Kiingereza. Matokeo yake yanaonekana hadi leo. Fundi aliyerithi kazi kwa mjomba wake ana msamiati mmoja, na aliyesoma shule ya ufundi ana mwingine, na kijitabu cha mwanafunzi wa nyumbani huandikwa mara nyingi na mtu wa tatu ambaye hajazungumza na yeyote kati ya hao wawili.

Hatari ya hali hii huonekana kwanza katika vipimo. Mababu walipima kwa shubiri na dhiraa. Wakaja Waingereza na futi na inchi, kisha serikali zetu zikachagua mita. Lakini duka la mbao halikuhama. Hadi leo mbao huulizwa kwa «mbili kwa nne» au «moja kwa nane», na hesabu hiyo ni ya inchi. Futi lenyewe limekuwa na maana mbili, kipimo na chombo cha kupimia, na mkanda wa kupimia huitwa futi kamba hata kama umeandikwa sentimita tupu. Mfasiri akiandika kwamba mguu wa benchi uwe wa milimita 50 kwa 100, muuzaji atamtazama mwanafunzi kana kwamba ameagiza kitambaa.

Tena kuna jambo kubwa zaidi. Ubao wa mbili kwa nne ni wa mbili kwa nne kabla ya randa. Ukipigwa randa pande zote nne hupungua milimita kadhaa kila upande, na mwanafunzi aliyechimba tundu lake kwa kipimo cha dukani atakuta mti unacheza ndani yake kama jino bovu. Mbao amekwisha kuinunua, na pengine ilikuwa mninga. Mafundi hawahitaji istilahi hapa kwa sababu wamejua kwa mkono, lakini anayejifunza kwa kitabu hana mkono wa kumwongoza. Tunashauri kijitabu chochote kitofautishe waziwazi kipimo ghafi na kipimo cha baada ya randa. Maneno hayo ni ya kawaida kabisa, nayo yatamwokolea mwanafunzi mbao nyingi kuliko jina lolote jipya la zana.

Upungufu wenyewe tuliosema upo, uko katika viungo. Majina ya vitu tunayo, majina ya zana tunayo, na vitenzi vya kazi tunavyo kwa wingi: kuchonga, kukereza, kutoboa, kuchomeka, kupachika, kupigilia, kuwamba. Lakini namna kipande kimoja kinavyoshikana na kingine haikuandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu wakusanyaji wa maneno waliandika walichokiona kwa nje, na kiungo kikisha kukazwa hakionekani. Pwani yenyewe ilijua kuunga mbao bila chuma: mtepe, kile chombo cha kale cha bahari, ulishonwa kwa kamba za nazi tangu mkuku hadi ukingo. Ujuzi ulikuwapo, na sehemu kubwa ya maneno yake iliondoka na mafundi.

Wanaofasiri leo hujaribu kuziba pengo hilo kwa kufuata Kiingereza. Kiungo kile cha pembe za droo, ambacho vipande vyake huanza vyembamba na kuishia vipana ili visiweze kuchomoka, Waingereza hukiita kwa mkia wa njiwa. Basi na sisi tuandike mkia wa njiwa? Wafaransa na Wajerumani walitazama kiungo kilekile wakaona mkia wa mbayuwayu. Maana yake ni kwamba ndege hayumo katika mbao, yumo katika jicho la mtazamaji, na hatulazimiki kuazima jicho la mtu. Tunachohitaji ni kumwuliza fundi anayekikata kiungo hicho, Lamu, Unguja au Keko, yeye hukiita nini, na kama hana jina, mwanafunzi wake akikitazama anakumbuka nini. Mpaka hapo kielelezo cha mchoro kinatosha.

Kwa kiungo cha msingi, kile kinachouingiza mguu wa kigoda katika kiti chake au kuuunga mti wa ulalo na mti wa wima, hatuna haja ya kusubiri. Kipande kinachopunguzwa ncha ili kiingie kina jina, nalo ni ulimi, neno lililokwisha kutumika kwa maana hiyo katika ufundi. Mahali unapoingia ulimi, baadhi ya wafasiri huandika tundu na wengine shimo, wakidhani ni mamoja. Kiswahili hakidhani hivyo. Tundu la sindano hupita upande wa pili, na shimo la kisima lina mwisho wake. Viungo navyo ni vya namna mbili: kuna ule ambao ulimi hutokeza nje ukaonekana na kukatwa sawa na uso wa mbao, na kuna ule ambao ulimi huishia ndani usionekane. Cha kwanza kiandikiwe tundu, cha pili kishimo. Mwanafunzi akisoma kwamba achimbe kishimo cha inchi moja kwa patasi, atajua bila kuelezwa kwamba hapaswi kuutokeza upande wa pili.